Mikono ya Mama Tandaza Yaaga Chumba Namba Tatu

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi, mpiga picha wa eksirei wa chumba namba tatu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, saa nane kamili mchana. Saa tunaitaja kwa sababu mwenyewe ameitangaza mara sita kwenye korido, tena ametuonya kwamba hotuba zikivuka saa tisa atanyanyuka aende zake, na kiti chake atakibeba.

Kwenye mafaili ya utawala ana jina kamili, namba ya ajira, na picha ya pasipoti yenye nywele nyingi ambazo hakuna mfanyakazi wa sasa anayekumbuka kuziona. Kwetu sisi ni Mama Tandaza. Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa sababu neno la kwanza wanalolisikia wakiingia chumbani kwake si karibu wala pole. Ni tandaza. Tandaza kiganja, tandaza vidole, dole gumba lisijifiche, na bana pumzi. Kwa faida ya wasiojua, picha ya mkono haihitaji mtu abane pumzi hata kidogo. Mama Tandaza analijua hilo kuliko sisi sote. Anasema mtu aliyebana pumzi hana nafasi ya kulalamika.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Ushahidi bado unatafutwa. Enzi hizo picha zilisafishwa kwenye chumba cha giza, ndani ya madishi ya dawa iliyonuka mpaka kwenye nguo za watoto nyumbani. Alikaa humo miaka minne kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine, na inasemekana alitoka akiwa anaweza kumtambua kila mfanyakazi kwa kikohozi chake. Miaka mingi baadaye, mashine mpya isiyotaka filamu ilipoletwa, aliisusia wiki mbili nzima akidai kwamba picha isiyonuka haiaminiki. Wiki ya tatu alikuwa anamfundisha fundi aliyekuja kuifunga, na fundi wa watu alikuwa anaandika.

Kliniki yetu ni ya viungo. Magoti yapo, nyonga zipo, migongo ndiyo usiseme, lakini mapenzi ya Mama Tandaza yako kwenye mikono. Meza ya eksirei ni baridi na vidole vyenye maumivu havipendi baridi, kwa hiyo kabla ya kila mgonjwa yeye hulaza kiganja chake mezani dakika nzima, kuipasha joto. Kisha hutoa daftari. Humwambia mgonjwa aweke mikono juu ya karatasi, anaizungushia penseli kama wanavyofanya watoto wa chekechea, halafu anamkabidhi kalamu nyekundu atie nukta kila mahali panapouma. Ombi la daktari likisema mkono wa kulia, yeye anachora na kupiga yote miwili. Kuna madaktari waliowahi kuliita daftari la chekechea na kulicheka kwenye chumba cha chai. Mmoja wao ndiye anayeandika wasifu huu.

Salamu zake nazo ni mtihani. Ukimpa mkono haurudi upesi. Anaushika, anaugeuza, anabonyeza kifundo kimoja baada ya kingine huku akikuuliza habari za nyumbani. Mtunza stoo wetu, siku yake ya kwanza kazini, alishikwa mkono namna hiyo kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha maji. Jioni aliwaambia wenzake kwamba Mungu si Athumani, ameanza kazi asubuhi na mchumba kapata mchana. Kesho yake aliitwa kwa daktari apimwe jongo, maana Mama Tandaza alikuwa ameshapeleka taarifa. Jongo lilikuwepo kweli. Mchumba hakuwepo, na mume wa Mama Tandaza, dereva wa malori mwenye mabega ya kutosha, alikuja mwenyewe kumpa pole.

Basi katika mikono yote iliyopita chumba namba tatu, ipo miwili iliyolazwa kwenye ile meza kila siku ya kazi kwa karibu miaka thelathini bila kupigwa picha hata mara moja, mpaka juzijuzi. Ni ya kwake. Wasifu huu ungeweza kulipita jambo hilo kimyakimya na kukimbilia keki. Lakini mwenyewe ametoa ruhusa lisemwe, baada ya kuisahihisha rasimu mara tatu na kuondoa sentensi mbili kuhusu umri wake.

Ili lieleweke, lazima turudi nyuma miaka kumi na tisa, kwa mshonaji wa sare za shule.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mwenye cherehani yake na wateja wake, na vidole vilivyomgeuka ghafla. Vilivimba, vikawa vyekundu, vikawa vya moto, hasa kwenye vifundo vya karibu na kucha na vile vya katikati ya kidole. Sindano ilikuwa inamdondoka. Daktari aliyempokea alikuwa na wiki tatu kazini na koti ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Daktari huyo ni mimi. Niliona mwanamke, nikaona mikono miwili iliyovimba na yenye moto, nikaandika baridi yabisi kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilimuuliza kama vidole vinakakamaa asubuhi, akasema ndiyo, nikaweka tiki. Sikumuuliza vinakakamaa kwa muda gani.

Nilimtuma chumba namba tatu. Huko Mama Tandaza akasema neno lake, na mshonaji akajaribu kutandaza, akalia. Vidole havikulala. Mama Tandaza, ambaye tunamtania kwamba ana moyo wa mawe, aliona huruma, akapiga picha vidole vikiwa vimekunjika vilevile. Kwenye picha ya namna hiyo mifupa hupandana na nafasi iliyo kati ya mfupa na mfupa haionekani. Mimi nilipoipata nikaona ukungu, na ndani ya ukungu nikaona nilichokuwa nimeshakiandika.

Mshonaji akaanzishiwa vidonge vikali, vile vinavyomezwa mara moja kwa wiki na kumlazimu mtu apimwe damu kila mara ili ini lisije likadhurika. Alivimeza miezi minane. Alipata kichefuchefu, vidonda mdomoni, nywele zikamdondoka kwenye kitana, na vidole havikupoa. Wateja wa sare walianza kwenda kwa mwingine. Mimi nilikuwa najiandaa kumwongezea dozi, nikamrudisha chumba namba tatu kwa picha nyingine.

Safari hii Mama Tandaza hakuona huruma ya aina ile. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akamwambia aloweke mikono, akakaa naye wakizungumza habari za watoto wao mpaka vidole vikalegea. Akaviwekea vipande vya sponji, kimoja kimoja, mpaka kila kidole kikalala na kupigwa picha yake. Foleni ya nje ilinung'unika. Aliichungulia mlangoni mara moja tu, ikanyamaza.

Halafu akapanda ngazi. Watu wa enzi hizo wanajua kwamba Mama Tandaza hapandi ngazi kwa jambo dogo. Hata ofisi ya mkuu ilipohamia juu, alitaka mkuu awe anashuka. Alifika chumbani kwangu akihema, akaibandika filamu kwenye boksi la taa, akaweka daftari lake pembeni na kusema, "Mimi ni mpiga picha tu, daktari."

Siku hizi tukiisikia sentensi hiyo tunatafuta kiti, kwa sababu tunajua somo linaanza. Siku ile sikujua, nikabaki nimesimama. Aliniambia nihesabu nukta nyekundu za mshonaji. Zilikuwa kumi na tatu, zote kwenye vifundo vya karibu na kucha na vya katikati, na mbili zaidi kwenye mzizi wa dole gumba, moja kila mkono. Vifundo vile vinavyotokeza mtu akikunja ngumi havikuwa na nukta hata moja. Kifundo cha mkono nacho kilikuwa cheupe pe.

"Sasa hii baridi yabisi gani," aliuliza, "isiyoijua njia ya kwenda kwenye ngumi wala kwenye kifundo cha mkono?"

Nikatazama picha. Baridi yabisi huutafuna mfupa pembeni, kwenye kingo za kiungo. Hapa mfupa ulikuwa umelika katikati ya kiungo, na kingo zake zimeinuka huku na huku, kama ndege anavyochorwa na mtoto kwa mistari miwili iliyopinda. Nikafungua faili. Majibu mawili ya damu, yale yanayoweza kuitaja baridi yabisi, yalikuwemo tangu siku ya kwanza na yote yalisema hakuna. Nilikuwa nimeyasoma. Nilijiambia kwamba wapo wenye baridi yabisi ambao damu yao haisemi kitu, jambo ambalo ni kweli, na ndivyo msomi anavyojidanganya kwa kutumia ukweli. Pembeni ya mchoro wa mikono, Mama Tandaza alikuwa ameandika kwa penseli jibu la swali ambalo sikuliuliza. Vidole vinakakamaa asubuhi kwa muda gani? Mpaka chai ichemke, alisema mshonaji. Baridi yabisi ingempa saa nzima na ushee.

Tulimwita mshonaji, tukamkagua kucha kama zina vitundu vidogo na kichwani kama kuna magamba, kwa sababu upo ugonjwa wa ngozi unaopenda vifundo hivyohivyo vya mwisho. Alikuwa safi. Bingwa wetu wa viungo aliitazama picha kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuieleza. Alisema huu ni mchakao wa viungo, lakini si ule wa kawaida wa uzee unaokuja polepole. Ni ule mkali, unaowasha moto kwenye vifundo vya vidole na kuula mfupa katikati, na huwapata zaidi kina mama wa umri huo. Vidonge vya kila wiki havikuwa na kazi pale. Vikasimamishwa siku ileile.

Nilimwambia mshonaji kwamba nilikosea. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu, kama atashona tena. Nikamweleza ukweli, kwamba hakuna dawa ya kuurudisha mfupa ulioliwa, ila moto wenyewe hupoa na wakati, vifundo vingine vitapinda au kukaza, na mikono itajifunza njia nyingine. Tukampa dawa ya kupaka ya kutuliza maumivu, gango dogo la plastiki la kumpumzishia kidole kinapowaka, mazoezi ya kwenye maji ya uvuguvugu, na mkasi wenye mishikio minene. Baada ya mwaka alirudi na sare ya mtoto mkononi kutuonyesha mshono. Mama Tandaza aliukagua mshono, akasema umepinda. Haukuwa umepinda.

Kosa langu lingeishia kwenye faili kama isingekuwa yeye. Alifungua daftari ukurasa wa mshonaji, akaandika la kwake kwanza: "Picha ya kwanza vidole vilikunjwa. Niliona huruma. Kosa langu." Akanipa kalamu nami niandike langu chini yake na nitie sahihi. Nikatia. Ipo mpaka leo, na kila daktari mpya huonyeshwa siku ya kwanza, bila mtu kuniuliza kama napenda.

Ndivyo daftari la chekechea lilivyoingia kwenye utaratibu wa kliniki. Fomu yetu ya kuomba picha ya mikono sasa ina mchoro wa viganja viwili na nafasi ya nukta nyekundu. Kila daktari mpya anakaa wiki nzima chumba namba tatu akihesabu vifundo kabla hajaruhusiwa kuandika jina la ugonjwa. Wengi wanakuja na elimu kubwa na kutoka na heshima kubwa. Wanaotoka na elimu tu hurudishwa wiki ya pili.

Sasa twende kwenye tandiko.

Mama Tandaza ni mfumaji. Miaka sita iliyopita binti yake wa mwisho alichumbiwa, na mama akaanza kumfumia tandiko la kitanda, jeupe, lenye maua pembeni, kubwa kiasi kwamba lilikuwa na mfuko wake peke yake chini ya meza. Alifuma wakati wa chai, alifuma mashine ikipata moto, alifuma kwenye vikao akitikisa kichwa kama anasikiliza. Harusi ikafika tandiko likiwa nusu. Tukasema sawa, litakuwa zawadi ya mwaka wa kwanza wa ndoa. Kisha, miaka miwili iliyopita, sindano ikasimama. Mfuko ukabaki chini ya meza, ukapigwa na vumbi, mjukuu akazaliwa, mjukuu akaanza kutembea.

Sisi tukafanya tunachokijua, tukamtania. Mtunza stoo alimuuliza kama tandiko limepelekwa bungeni kujadiliwa. Mimi nililiita tandiko la kiyama, kwa kuwa litakamilika siku hiyo. Kwenye sherehe ya mwaka jana tulimpa cheti cha Mvivu Bora wa Kitengo, kimegongwa mhuri. Alikipokea, akainama, akakibandika ukutani juu ya mashine, na alicheka kuliko sisi.

Kama ni dalili, zilikuwepo za kujaza fomu. Bilauri yake ya chai aliiacha, akaanza kutumia kikombe kikubwa anachokikumbatia kwa viganja viwili. Pete ya ndoa aliivua, akasema imepelekwa kung'arishwa, na sisi hatukujiuliza ni pete gani hiyo inayong'arishwa mwaka mzima. Vifuniko vya chupa alianza kumpa mhudumu wa usafi amfungulie. Salamu za mkono zilikoma, akawa anatupa kiwiko, akidai tuna mafua, na sisi kila mmoja akamtazama mwenzake kutafuta mwenye mafua. Kliniki nzima ya viungo, yenye madaktari sita na bingwa mmoja, kila asubuhi tunapewa kiwiko na mtu aliyekuwa haachii mkono wa mtu, na hakuna aliyetia nukta.

Waswahili wanasema kinyozi hajinyoi. Sisi tumezidi, maana hata vinyozi wenzake hatukumnyoa.

Aliyeona ni mshonaji. Wiki tatu zilizopita tulimwita, sasa ni bibi wa miaka sabini na moja mwenye vidole vilivyopindapinda na duka lililojaa, aje ampime Mama Tandaza gauni la kustaafia. Ilikuwa kwenye chumba cha chai, sisi tumejaa humo tukitoa maoni ya rangi ambayo hakuna aliyeyaomba. Alipima bega, akapima kiuno bila kuitaja namba, jambo lililompa heshima kubwa. Akafika kwenye mkono wa gauni. Akakishika kiganja cha Mama Tandaza, akataka kukigeuza, na Mama Tandaza akakirudisha. Mshonaji akakifuata, akakishika tena, akabonyeza kifundo cha karibu na kucha kidogo tu kwa kidole chake kilichopinda. Akamtazama usoni.

"Tandaza, dada," akamwambia.

Mama Tandaza akacheka, akatafuta utani, tuliona kabisa akiutafuta. Hakuupata. Akalia mbele yetu sote, na mshonaji akamuuliza taratibu, "Umeacha kufuma tangu lini?"

Miaka miwili. Vifundo vya mwisho na vya katikati, mikono yote miwili, vikivimba na kuwaka, asubuhi vikikakamaa mpaka chai ichemke. Alikuwa amejijua tangu wiki ya kwanza. Alitueleza siku ile sababu mbili za kunyamaza. Aliogopa tukijua tutamwondoa kwenye mashine na kumketisha mapokezi miaka yake miwili ya mwisho, naye alitaka kutoka kazini akitokea chumba namba tatu. Na aliogopa kuiona picha yenyewe. Alikuwa ameona ndege wengi wa mistari miwili kwenye vidole vya wenzake, na akiwaona kwenye vyake, basi tandiko la mwanawe limekwisha. Kuitwa mvivu kulikuwa nafuu. Mvivu anaweza kuanza tena kesho.

Nilikwenda kukibandua kile cheti mwenyewe. Akanikataza, akasema mhuri ni mhuri. Bado kiko ukutani, na mimi kila nikikiona naona aibu, na ni sawa nione.

Asubuhi iliyofuata, kabla wagonjwa hawajafika, alikaa kwenye kiti cha mgonjwa kwa mara ya kwanza. Mkuu mpya wa chumba namba tatu, aliyejifunza kazi kwake kwa miaka kumi na minne, alilaza kiganja chake mezani dakika nzima, kuipasha joto. Akaleta beseni, akaleta daftari, akamzungushia mikono penseli, akampa kalamu nyekundu. Mama Tandaza akatia nukta zake bila kusita, kumi na moja. Kijana wa watu akamwambia atandaze. Akakaripiwa palepale kwamba sponji ameiweka vibaya na dole gumba limelala. Akarekebisha. Akarudi nyuma ya kioo, akasema bana pumzi, na Mama Tandaza, anayejua kuliko sisi sote kwamba haihitajiki, akabana.

Picha alizisoma mwenyewe. Bingwa alisimama nyuma yake na hakuwa na la kuongeza. Ndege walikuwepo, wanne, kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia na kimoja cha kushoto. Ngumi safi, kifundo cha mkono safi, damu imesema hakuna, kucha hazina vitundu. Alihesabu mara mbili, akavuta pumzi, akasema, "Mimi ni mpiga picha tu. Lakini hivi si vidole vya kufa."

Tangu siku hiyo anafuata masharti, yaani nusu anayafuata na nusu anagombana nayo. Asubuhi analoweka mikono. Kidole kinachowaka anakivalisha gango. Fundi wa matengenezo alimchongea mpini mnene wa mbao, akauchomekea sindano ya kufumia, akausugua mpaka ukawa laini. Mama Tandaza aliutazama, akasema unafaa kwa jembe. Jana mfuko ulikuwa mezani, si chini ya meza. Anafuma safu mbili kwa siku, mikono ikiwa bado na joto la maji, kisha anaacha. Kila safu ya zamani imenyooka, za sasa zimelegea kidogo, na mstari unaozitenganisha unaonekana waziwazi. Binti yake alipouona alisema asiufumue, asiufiche, wala asiurekebishe. Ubaki hivyohivyo.

Kwa hiyo, wenzetu wote, Ijumaa mje na ustaarabu. Gauni mtakaloliona ni kazi ya mshonaji; halina kifungo hata kimoja na linavaliwa kwa kupitisha kichwani, na waliohusika wanajua kwa nini. Atakayempa mkono ampe taratibu, asikamue. Akiushika wa kwako na kuugeuza, tulia, usiuvute, hata kama foleni ya keki inasogea. Mtunza stoo ameombwa asirudie kutafsiri vibaya.

Mama Tandaza, kwa niaba ya kitengo, asante. Asante kwa meza iliyokuwa na joto, kwa daftari tulilolicheka, na kwa kupanda ngazi siku ile ukihema kuja kuniambia nihesabu. Asante kwa kuandika kosa lako juu ya langu. Na utusamehe kwamba mikono yako tuliitazama miaka miwili bila kuiona.

Tunakutakia asubuhi za maji ya uvuguvugu, chai inayochemka upesi, na mjukuu asiyekimbia na uzi. Zimebaki safu arobaini. Ukizifuma mbili kwa siku, ufume. Ukiishia moja, lala. Hakuna tena hapa atakayekuita mvivu.